Olonana: Laibon aliyegeuzwa chifu

Wewe unayekaa Kitengela, hebu jiulize: umetumia maneno mangapi ya Kimaasai leo bila kujua? Ukipanda matatu ya Nairobi, hilo tayari ni moja. Enkare Nairobi ni maji baridi. Ukielekea Kajiado, hilo la pili, limetoka kwa Olkejuado, yaani mto mrefu. Na ile nyumba ya udongo na samadi ambayo watu huiita manyatta? Kwa Kimaasai, emanyatta ni kijiji cha morani. Boma la kawaida la familia ni enkang.

Maneno yakihama hubadilika, na mara nyingi hakuna anayeumia. Lakini liko moja lililosaidia kuwapokonya watu ardhi: laibon.

Kwa Wamaasai, laibon ni mtabiri na mganga, mtu wa kubariki morani na kuomba mvua. Si mfalme. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee na viongozi wa rika. Laibon mkuu Mbatian alipofariki karibu mwaka wa 1890, sotoka ilikuwa ikimaliza ng'ombe na ndui ikiua watu. Wanawe wawili, Olonana na Senteu, waligombania nafasi yake. Simulizi husema Olonana aliamka mapema, akamtangulia nduguye kwa baba asiyeona vizuri, akapokea baraka zisizokuwa zake.

Katika shida hizo zote, Olonana aliona heri awe rafiki wa Waingereza. Nao walitaka mtu mmoja tu wa kuongea naye. Basi laibon wakamfanya chifu mkuu, na Olonana akawa Lenana. Mwaka wa 1904, yeye na wenzake walitia alama kwenye mkataba uliowaondoa Wamaasai kwenye malisho ya Bonde la Ufa. Baadhi walipelekwa Laikipia, wengine kusini, Kajiado ya leo ikiwemo. Waliahidiwa kwamba sehemu hizo zitakuwa zao daima.

Olonana alifariki Machi 1911. Waingereza wakadai kwamba kabla ya kukata roho aliwaagiza watu wake wahame Laikipia. Mwezi uliofuata mkataba mpya ukatiwa sahihi, na maelfu wakasukumwa kusini pamoja na mifugo yao. Parsaloi ole Gilisho na wenzake walienda kortini mwaka wa 1913, lakini korti ikasema haina uwezo wa kuamua kesi hiyo.

Leo Lenana ni kilele cha Mlima Kenya chenye mita 4,985, na pia ni shule iliyokuwa ikiitwa Duke of York. Ukikutana na jina hilo, kumbuka kwamba kwa mila za watu wake, laibon hakuwa na mamlaka ya kugawa ardhi. Kama una mzee wa Kimaasai jirani hapo Kitengela, muulize tofauti ya laibon na chifu. Atakueleza vizuri kuliko mkataba wowote.