Samuel Crompton: Fundi Aliyelipwa kwa Ahadi

Kama ulisoma Historia sekondari, Samuel Crompton ulikutana naye kwenye ile orodha ya wavumbuzi wa Mapinduzi ya Viwanda. Alikuwa mstari mmoja tu: Crompton, 1779, mashine ya kusokota uzi. Ukakariri, ukajibu mtihani, ukamsahau. Naomba tumrudie, maana jamaa huyu alitatua tatizo lililowashinda mabingwa wa zama zake, halafu kazi ya miaka mitano akaitoa kwa karatasi yenye majina ya watu walioahidi kumchangia. Sisi ambao kila mwaka wa mwisho tunatengeneza projekti, tunaziweka mezani, watu wanapita na kupiga picha, habari yake inatuhusu.

Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1753 mahali paitwapo Firwood Fold, karibu na mji wa Bolton, Lancashire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka kama mitano. Akabaki na mama, Betty, mwanamke mchapakazi na mkali, asiyetaka masihara. Waliishi katika sehemu ya jumba kuukuu liitwalo Hall i' th' Wood. Lancashire ya wakati ule kilimo peke yake hakikulisha nyumba, kwa hiyo watu walisokota pamba na kufuma vitambaa humohumo majumbani: wanawake na watoto kwenye uzi, wanaume kwenye kitanda cha kufumia. Samuel akakalishwa kwenye uzi tangu mdogo, na kila siku mama alikuwa na kiasi chake anachotaka kitimie.

Mashine aliyoikuta ni ile ya James Hargreaves, inayoitwa jenny. Ilisokota nyuzi kadhaa kwa mara moja, lakini uzi wake ulikuwa unakatika ovyo. Ukikatika lazima usimame uuunge, na kiasi cha mama hakipungui kwa sababu hiyo. Wanaoandika maisha ya wavumbuzi hupenda kusema walisukumwa na kiu ya elimu. Huyu, kwa maoni yangu, alichoka kuunga uzi, basi.

Sasa tuingie karakana kidogo, maana bila hapo huwezi kuona alichofanya.

Pamba ni nyuzinyuzi fupi. Ili upate uzi, unazivuta ziwe nyembamba, unazisokota zishikane, kisha unauviringisha uzi mahali usije ukajifunga mafundo. Kuvuta, kusokota, kuviringisha. Mtu akisikia hivyo anadhani kazi ngumu ni mbili za kwanza. Kumbe balaa liko kwenye ya tatu.

Mwaka 1769 Richard Arkwright, ambaye kabla ya utajiri alikuwa kinyozi na mtengeneza nywele za bandia palepale Bolton, alipata hataza ya mashine yake. Pamba ilipita kati ya jozi za rola, jozi ya mbele ikizunguka haraka kuliko ya nyuma, hivyo pamba ikavutika. Mbele ya rola uzi ulishikwa na mkono uliokuwa ukizunguka na kuusokota, kisha ukajiviringisha kwenye bobini. Bobini unaijua: kile kidude cha chuma ambacho fundi cherehani anakichomeka chini ya sindano ni mdogo wake. Ujanja wa Arkwright, na ubovu wake pia, ulikuwa hapa: bobini haikuzungushwa na kitu kingine chochote. Iliburutwa na uzi wenyewe. Mkono unazunguka, uzi unaivuta bobini nyuma yake, bobini inachelewa kidogo kwa msuguano, na kule kuchelewa ndiko kunakoufanya uzi ujiviringishe. Safi kabisa, kazi mbili kwa mpigo. Lakini maana yake ni kwamba uzi, tena ungali mchanga, ndio unaobeba mzigo wa bobini, na bobini inavyojaa inazidi kuwa nzito. Uzi mnene unastahimili. Uzi mwembamba unakatika.

Ndiyo maana mashine ya Arkwright ilitoa uzi mgumu na mnene, mzuri kwa mtande, yaani zile nyuzi za urefu zinazokazwa kitandani. Jenny nayo ilitoa uzi laini lakini dhaifu, wa kufaa mshindio tu, ule unaopitishwa katikati. Melimeli nyepesi zilizovaliwa na matajiri wa London zilitoka India, zikiwa zimesokotwa kwa mkono. Hakuna mashine iliyozigusa.

Crompton alianza kuhangaika mwaka 1774, kijana wa miaka ishirini hivi. Mchana alisokota na kufuma kama kawaida, usiku akachonga mbao. Vifaa vilihitaji hela, na hela alizipata kwa kupiga fidla kwenye ukumbi wa maigizo wa Bolton, shilingi moja na nusu kwa usiku. (Fidla hiyo aliitengeneza mwenyewe. Kuna watu wa namna hiyo.) Inasimuliwa kwamba majirani, kwa kusikia kelele na kuona mwanga usiku wa manane kwenye lile jumba la zamani, waliamini kuna mashetani ndani. Kazi ikamchukua miaka mitano.

Kilichotoka mwaka 1779 kilikuwa na rola za kuvutia kama za Arkwright na gari la kwenda na kurudi kama la jenny. Lakini Crompton alizipandisha spindeli, vile vijiti vya chuma vinavyozunguka, juu ya gari lenyewe. Rola zinatoa pamba iliyovutwa, gari linarudi nyuma taratibu kama mita moja na nusu, na spindeli zinasokota uzi huku unaendelea kuvutika. Penye wembamba msokoto unakimbilia, penye unene pamba inavutika zaidi, mpaka uzi wote ukalingana. Hapo rola zinasimama. Uzi ukishapata nguvu yake yote, ndipo gari linasukumwa kurudi na uzi unaviringishwa juu ya spindeli, ukiongozwa na waya, mpaka linatokea fundo lililochongoka kama muhogo mdogo. Hakuna bobini ya kuburutwa. Wenzake wangeweza kupunguza uzito wa bobini mpaka kesho. Yeye aliiondoa, akatenganisha kusokota na kuviringisha. Uzi haukubebeshwa mzigo kabla haujawa na nguvu.

Watu wakaja kuiita Nyumbu, kwa kuwa ni mtoto wa mashine mbili. Na hapa tuelewane: si nyumbu wa Serengeti, wala si yule anayetajwa kwenye siasa za mitandaoni. Ni yule mnyama anayezaliwa na punda na farasi.

Ubora wa uzi ulipimwa kwa namba. Namba 80 maana yake ratili moja ya pamba, ambayo haifiki nusu kilo, imetoa vifundo 80 vyenye yadi 840 kila kimoja. Piga hesabu: ni zaidi ya kilomita 61. Unatoka Dar, unaipita Kibaha na safari inaendelea, kwa pamba unayoweza kuibeba kwa mkono mmoja. Kwa namba 40 Crompton alilipwa shilingi 14 kwa ratili, kwa namba 60 shilingi 25, na kwa kiasi kidogo alichosokota cha namba 80 alilipwa shilingi 42. Mafundi wa vitambaa laini walikuwa wanamgombania.

Hapo ndipo shida zilipoanza. Mwaka huohuo wa 1779 Lancashire ilikuwa na ghasia. Watu walioogopa kupoteza kazi walizunguka wakivunja mashine. Crompton akaifungua yake vipandevipande na kuificha darini. Ghasia zilipotulia akairudisha, akaoa mapema 1780, yeye na mkewe Mary wakakaa kusokota uzi mzuri kuliko wa mtu yeyote nchini. Uzi wenyewe ukamchoma. Kila aliyeuona sokoni alitaka kujua umetoka wapi. Wakaja Hall i' th' Wood kwa makundi, wengine na ngazi, wakapanda mpaka madirishani kuchungulia. Akaweka kizuizi ndani, haikusaidia kitu.

Kwa nini hakuchukua hataza? Hela hakuwa nayo, na hataza ya Uingereza wakati ule ilikuwa ghali hasa. Isitoshe, rola zilikuwa mali ya Arkwright kisheria mpaka 1783, na Arkwright hakuwa mtu wa kusita kwenda mahakamani. Akabaki na njia mbili: aivunje mashine yake, au aitoe. Mfanyabiashara mmoja wa Bolton akamshauri aitoe hadharani, na wenye viwanda wamchangie. Ikaandikwa karatasi, watu na kampuni kama 80 wakaweka majina na kiasi cha kila mmoja.

Msomaji aliyewahi kukaa kamati ya harusi ameshaelewa mwisho wake. Ahadi ni kitu kimoja, kuzikusanya ni kingine. Mashine ilipokwisha kuonyeshwa, wapo waliolipa, wapo waliokwepa, na wapo waliomtukana alipokwenda kudai, wakimwita tapeli. Alipata kama pauni 60. Zikamtosha kujenga mashine mpya yenye spindeli 52, nne zaidi ya ile ya kwanza. Hapo ndipo faida yake ilipoishia.

Wanaomhurumia Crompton huwa wanaishia hapo, na mimi siwafuati. Ni kweli alidhulumiwa. Lakini Robert Peel mkubwa, tajiri wa viwanda ambaye mwanawe baadaye alikuwa waziri mkuu, alimfuata akitaka waungane, na Crompton akakataa. Inasimuliwa kwamba katika ziara moja Peel alitaka kulipa pensi sita kwa kuonyeshwa mashine, na Crompton hakumsamehe kamwe. Vijana aliowafundisha kazi walirubuniwa mmoja mmoja wakaenda kwa wenye mshahara mkubwa. Alipounda mashine ya kuchambulia pamba, akaichukulia shoka na kuivunja ili wasiipate hiyo pia. Arkwright alikuwa na kifua cha kupambana na wanasheria, wakopeshaji na washindani. Crompton alikuwa na fidla. Sisemi mmoja ni bora kuliko mwingine. Nasema kazi ya kulinda kitu ni tofauti na kazi ya kukibuni, na mara chache zinakaa kwenye mwili mmoja. Kwetu leo hataza zinasajiliwa BRELA, na kwa kawaida ukishaonyesha kitu chako hadharani kabla ya kuomba, upya wake kisheria uko hatarini. Ni wangapi wanaliambiwa hilo kabla ya siku ya maonyesho?

Mashine yenyewe haikumsubiri. Mafundi wengine waliweka rola za chuma badala ya mbao, wakaiunganisha na nguvu ya maji, wakaongeza spindeli mpaka zikawa mamia. Mwaka 1811 Crompton, mzee wa miaka 57, alizunguka viwandani akihesabu mwenyewe. Akapata zaidi ya spindeli milioni 4 kwenye Nyumbu, wakati za Arkwright zilikuwa kama 310,000 na za jenny kama 156,000. Kila spindeli ilitaka pamba, na pamba hiyo kwa sehemu kubwa ilichumwa na watumwa wenye asili ya Afrika, kusini mwa Marekani, Karibi na Brazili. Katika hesabu ya nani hakulipwa, Crompton hayuko mbele kwenye foleni.

Na hesabu zake hizo akazipeleka Bunge la London. Edmund Cartwright alikuwa amepewa pauni 10,000 mwaka 1809 kwa kitanda cha kufumia cha mashine, kwa hiyo matumaini yalikuwepo. Tarehe 11 Mei 1812 Crompton alikuwa kwenye ukumbi wa kuingilia Bunge akisubiri, na inasemekana waziri mkuu Spencer Perceval alikuwa anakuja na hoja ya kumpa pauni 20,000. Perceval akapigwa risasi hapohapo ukumbini na mtu aitwaye John Bellingham, akafa. Mwezi uliofuata Bunge likampa Crompton pauni 5,000.

Zilikwisha kwenye madeni na biashara alizofungua na wanawe, ambazo hazikusimama. Mwaka 1824 marafiki wakachangishana, safari hii kimyakimya, wakamnunulia malipo ya pauni 63 kwa mwaka. Alifariki nyumbani kwake Bolton tarehe 26 Juni 1827.

Bobini ilirudi, kwa njia nyingine. Mwaka uliofuata kifo chake Mmarekani John Thorp alipata hataza ya kusokota kwa pete, na katika mashine za namna hiyo bobini inashikamana na spindeli na kuzunguka nayo, bila kuburutwa na uzi. Kinachoburutwa ni kijipete chepesi cha chuma. Viwanda vingi vya leo vinasokota hivyo. Na mhandisi anayekokotoa unene wa bobini ya alumini bado anapambana na hesabu ileile: nyepesi mno, inabanwa na uzi mpaka inajikunja, nzito mno, inakula nguvu ya mashine.

Bolton walimsimamishia Crompton sanamu mwaka 1862, kwa michango ya wananchi iliyotimia. Hall i' th' Wood ilinunuliwa na William Lever, yule wa sabuni ya Sunlight, mzaliwa wa Bolton, akaikabidhi mji iwe makumbusho. Kati ya mashine alizojenga Crompton kwa mikono yake imebaki moja tu, nayo iko Bolton.