Alexander Graham Bell: Mwalimu wa viziwi aliyeachia jina lake kipimo cha sauti

Na Mwandishi Wetu, Arusha

FUNDI makini anapofunga spika tano na sabufa sebuleni, iwe Njiro, Sakina au Usa River, haliamini sikio lake peke yake. Hukiweka kipima sauti mahali atakapoketi msikilizaji, usawa wa masikio, kisha hupiga mvumo wa majaribio katika spika moja baada ya nyingine. Kila moja huipandisha au kuishusha hadi zote zisome sawa, kwa kawaida desibeli 75.

Kwenye kioo cha kifaa hicho huonekana herufi dB. Ile B kubwa ni ya Alexander Graham Bell, ambaye wengi humfahamu kwa simu tu.

Bell alizaliwa Machi 3, 1847, mjini Edinburgh, Scotland. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi. Mama yake, Eliza, alipiga piano ingawa usikivu wake ulikuwa hafifu mno. Wengine walipaza sauti ili awasikie, lakini kijana huyo alizungumza naye kwa sauti nzito ya chini, mdomo ukiwa karibu na paji la uso wake, ili mtetemo wenyewe umfikie. Pengine hapo ndipo kazi yake yote ilipoanzia.

Kifua kikuu kiliwaua ndugu zake wawili, na mwaka 1870 wazazi wakahamia naye Kanada. Mwaka uliofuata alikuwa Boston, Marekani, akifundisha viziwi.

Mwaka 1874, kwa msaada wa daktari wa masikio Clarence Blake, alipata sikio la maiti. Alilifunga kwenye chombo chenye unyasi uliochora mitetemo ya sauti juu ya kioo kilichopakwa masizi. Aliona jinsi utando mwembamba wa sikio unavyosukuma mifupa iliyo mizito kuliko wenyewe, akawaza kwamba utando mkubwa zaidi ungeweza kusukuma kipande cha chuma. Hataza ya simu aliipata Machi 7, 1876, na siku tatu baadaye msaidizi wake, Thomas Watson, akasikia maneno kupitia waya. Spika za sebuleni bado hufuata wazo hilo: umeme husukuma utando, utando husukuma hewa.

Mwaka 1877 alimwoa Mabel Hubbard, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka mitano kwa homa. Miaka miwili baadaye Bell alitengeneza kifaa cha kupimia usikivu wa binadamu.

Hata hivyo, viziwi wengi hawamkumbuki kwa wema. Bell, aliyejua kuzungumza na mama yake kwa vidole, alipinga shule kufundisha kwa lugha ya alama, akitaka watoto wasome midomo na kutamka. Mwaka 1883 alipeleka kwa wanasayansi wa Marekani andiko lililoonya dhidi ya ndoa za viziwi kwa viziwi. Ni vigumu kumtetea katika hilo, na viziwi wa Arusha wanaozungumza kwa alama leo wana haki ya kumhukumu.

Alifariki Agosti 2, 1922, Nova Scotia, Kanada. Wakati wa mazishi, simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika moja.

Jina la desibeli lilikuja baada yake, mwaka 1928, wahandisi wa kampuni ya simu iliyobeba jina lake walipokibadilisha jina kipimo chao cha upotevu wa sauti kwenye waya. Kipimo hiki hakihesabiki kama kilo za sukari. Kupanda desibeli 10 ni kuzidisha nguvu mara kumi, ingawa sikio huona kama sauti imeongezeka maradufu tu. Amplifaya ya wati 100 huizidi ya wati 50 kwa desibeli 3 pekee, jambo la kukumbuka kabla ya kulipa fedha zaidi dukani.

Nchini, kipimo hicho kimo katika Kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Zimeweka viwango tofauti vya mchana na usiku, na cha usiku ndicho kidogo. Hivyo sabufa iliyopangwa vyema mchana inaweza kumvunjia sheria mwenyewe giza likiingia.