Mwalimu mwema aliyechelewa kukabidhi



Leo nakuletea maisha ya mchungaji wa Kipresbiteri, Robert Laws. Usishangae padre kumsimulia. Neema ya Mungu haina uzio wa parokia.

Laws alizaliwa Aberdeen, Scotland, mwaka 1851, mwana wa seremala. Naye alijifunza useremala: mchana randa, usiku kitabu, hadi akawa mchungaji na daktari. Mwaka 1875 alifika Ziwa Nyasa na meli ndogo iitwayo Ilala. Siku hizo majahazi yalivusha watumwa ziwani, waliopelekwa kwa miguu hadi pwani ya Kilwa.

Hebu hesabu nawe. Mwafrika wa kwanza kubatizwa katika misheni ile, Albert Namalambe, alibatizwa mwaka 1881. Miaka mitano na zaidi ya kazi, wenzake kadhaa wamezikwa, mbatizwa mmoja! Wangapi kati yetu tungekuwa tumeshafunga virago?

Yeye alibaki. Mwaka 1894 alipanda mlimani Khondowe, kaskazini mwa Malawi ya leo, akaanzisha Livingstonia na chuo chake cha Overtoun. Vijana walisomea ualimu na teolojia, na pia useremala, uashi na uchapaji. Huko alisoma David Kaunda, aliyepeleka Injili Chinsali, na ambaye mwanawe Kenneth alikuja kuwa Rais wa kwanza wa Zambia.

Lakini tusimfanye malaika. Aliowafundisha walisubiri mno kupewa daraja la uchungaji. Charles Domingo alimaliza teolojia mwaka 1900. Akangoja miaka, akachoka, akaondoka na kuongoza makanisa yaliyojitegemea. Watatu wa kwanza, Yesaya Zerenje Mwasi, Hezekia Tweya na Jonathan Chirwa, waliwekewa mikono mwaka 1914, karibu miaka 40 tangu Ilala itie nanga. Laws aliondoka mwaka 1927, akafariki mwaka 1934.

Mpendwa, mtu aliyemngoja Namalambe kwa uvumilivu mkubwa hivyo, alishindwa kumwamini Domingo kwa wakati. Kupanda ni imani, na kukabidhi mavuno nako ni imani. Mara nyingi hii ya pili ndiyo inayotushinda.

Tazama hapa kwetu Nzuguni. Yupo kijana ambaye ni saidia fundi mwaka wa kumi, ingawa ukuta anaunyoosha kuliko bosi wake. Ipo jumuiya ndogondogo yenye mwenyekiti yule yule tangu watoto wake hawajapata Komunyo, na leo wana ndoa zao. Yupo mzazi anayemsomesha binti hadi chuo, kisha hamwachii hata ufunguo wa duka. Nasi mapadre tumo, pale halmashauri ya walei inapongoja ruhusa yetu hata ya kununua mafagio.

Yohane Mbatizaji alijua saa ya kupungua ili mwingine akue. Wiki hii mchague mtu mmoja uliyemfundisha. Mkabidhi kazi moja, kisha ondoka, usichungulie dirishani.

Jumapili njema.