Soichiro Honda: Mkubwa aliyefunzwa na wadogo wake

WAHENGA walisema kuwa mkubwa ni jalala. Walimaanisha kwamba kiongozi hana budi kuyapokea yote, matamu na machungu, bila kununa. Soichiro Honda, mwanzilishi wa kampuni ya pikipiki na magari yenye jina lake, alilielewa somo hilo ujanani, akalisahau alipopata fahari, kisha akajifunza upya kwa gharama kubwa.

Honda alizaliwa Novemba 17, 1906, katika kijiji kilicho karibu na mji wa Hamamatsu, Japani. Babake alikuwa mhunzi. Mnamo 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alielekea Tokyo kujifunza umekanika katika gereji ya Art Shokai, na mwaka wa 1928 akafungua tawi lake Hamamatsu.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, alijitosa katika utengenezaji wa ringi za pistoni. Alipowapelekea wakaguzi wa Toyota ringi 50, ni 3 pekee zilizofaulu. Badala ya kuwalaumu wakaguzi hao, Honda alibisha hodi vyuoni na viwandani akiuliza alikokosea. Alibaini kwamba hakuielewa barabara metali aliyokuwa akiiyeyusha. Ndipo bosi huyo wa kiwanda akaenda kuketi darasani pamoja na vijana wa chuo cha ufundi mjini Hamamatsu. Hakujali cheti, alitafuta maarifa tu. Hatimaye bidhaa zake zikakubalika.

Baada ya vita, mwaka wa 1946, alianza kufunga injini ndogo zilizosalia jeshini kwenye baiskeli. Mkewe, Sachi, alikuwa miongoni mwa waliozijaribu. Alirejea nyumbani nguo zikiwa zimechafuka mafuta, akamwonya mumewe kwamba wanunuzi wangerudi kumkemea. Honda, ambaye kwa kawaida hakupenda kusumbuliwa, safari hiyo alisikiza. Kasoro hiyo ilirekebishwa kabla ya baiskeli hizo kuuzwa kwa wingi.

Mwaka wa 1949 alijiunga na Takeo Fujisawa, aliyeshughulikia fedha na mauzo. Fujisawa ndiye aliyejua mahitaji ya wateja. Alitaka pikipiki ambayo mpelekaji wa tambi angeiendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukibeba chakula. Kutokana na hitaji hilo, Super Cub iliyozinduliwa 1958 haikuwa na klachi ya kubanwa kwa mkono. Kufikia 2017, pikipiki milioni 100 za aina hiyo zilikuwa zimeundwa.

Ufanisi huo ulimtia Honda ukaidi. Alishikilia kwamba injini zipozwe kwa hewa, wala si kwa maji. John Surtees, bingwa wa dunia wa mbio za magari mwaka wa 1964, alilijaribu gari jipya la mashindano lenye injini ya aina hiyo, akasema halikuwa tayari na kukataa kuliendesha. Hata hivyo, gari hilo liliingizwa katika mashindano ya Ufaransa mnamo Julai 7, 1968. Dereva Jo Schlesser alipata ajali, likashika moto naye akafariki.

Bado Honda hakubadili msimamo. Mwaka wa 1969, kampuni ilizindua gari dogo la Honda 1300, ambalo injini yake ya kupozwa kwa hewa ilikuwa nzito na ghali kuunda. Wahandisi vijana, akiwemo Tadashi Kume, walipinga lakini hawakusikizwa, hadi Fujisawa alipomtaka mwenzake achague: awe rais wa kampuni au awe mhandisi. Honda alichagua urais, akawaruhusu vijana kutumia maji.

Matunda yake yalikuwa gari la Civic mwaka wa 1972, pamoja na injini ya CVCC iliyotimiza masharti makali ya Marekani kuhusu moshi. Honda alipoisifu injini hiyo kama silaha ya kuwapiku washindani, vijana walimkosoa tena: wao waliitengeneza kwa manufaa ya jamii. Safari hii hakubisha. Alitambua kwamba wanafunzi wamempita mwalimu.

Alistaafu mwaka wa 1973 pamoja na Fujisawa, na kufariki Agosti 5, 1991, akiwa na umri wa miaka 84. Kume, aliyethubutu kumpinga, alikuwa amekwishateuliwa rais wa kampuni hiyo mwaka wa 1983.