Dedan Kimathi Nje ya Jukwaa

Kabla hujaanza kuchambua Mzalendo Kimathi, mjue kwanza Kimathi wa historia. Nimesahihisha karatasi nyingi ambamo mtahiniwa anamchanganya na mhusika wa tamthilia, akapoteza alama za bure.

Alizaliwa Oktoba 1920 kijijini Thegenge, Tetu, Nyeri. Alisomea Karunaini, akaingia jeshi la Waingereza kwa muda mfupi, kisha akafanya vibarua vya kila aina, ualimu ukiwemo. Kufikia 1952 alikuwa katibu wa KAU huko Thomson's Falls, mji tunaouita Nyahururu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20 mwaka huo, naye baadaye akakimbilia msitu wa Nyandarua.

Usimwone kama mtu wa bunduki tu. Alikuwa mtu wa kalamu: aliandika barua na kutunza kumbukumbu humo humo msituni. Mwaka 1953 aliongoza kuundwa kwa Baraza la Ulinzi la Kenya, kwa sababu kila kikosi kilikuwa kikimfuata kiongozi wake. Umoja huo haukudumu. Stanley Mathenge na wenzake walilalamika kwamba waliosoma walikuwa wakiwatawala wasiosoma, na 1955 wakatengana. (Swali la migogoro likija, usiiandike ya Mwafrika na Mzungu peke yake.) Vita hivi viligawa hata Agikuyu wenyewe, wengine walikuwa homgadi. Afisa wa polisi Ian Henderson alimsaka Kimathi akiwatumia waliokuwa wapiganaji wa msituni, na aliyemfyatulia risasi Oktoba 21, 1956 alikuwa askari Mwafrika.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kimathi hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, kosa ambalo chini ya sheria za hali ya hatari adhabu yake ilikuwa kifo. Aliyemhukumu Nyeri ni Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Shaw Henderson ni hakimu wa jukwaani. Ukimtaja kama jaji wa kweli, umekosa.

Alinyongwa Kamiti Februari 18, 1957, akazikwa huko huko bila alama yoyote. Sanamu yake imesimama katikati ya jiji tangu 2007. Kutoka hapa Lucky Summer hadi Kamiti si mbali kwa matatu, na ndani ya ua wa gereza hilo ndiko familia yake imekuwa ikitaka kaburi litafutwe, miaka nenda miaka rudi.