Sheikh Mbaruk bin Rashid: Kiongozi Aliyeweka Silaha Chini Moa

Safari hii tumeona vema tuwasimulie maisha ya mtu ambaye hakuwa wa Kanisa letu, lakini jina lake lilijulikana mwambao mzima. Huyu ni Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, bwana wa Gazi. Vita vyake vya mwisho vilikomea hapa Moa mwaka 1896. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanauliza swali ambalo kila kiongozi, mkubwa kwa mdogo, hana budi kulijibu: watu wanaomfuata, wanafuata jambo lao au jambo lake?

Mazrui ni ukoo uliotoka Omani. Kwa muda wa miaka karibu mia wazee wao walitawala Mombasa, na liwali wao wa mwisho alikuwa Rashid bin Salim, baba yake Mbaruk. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji ule. Wakuu wa Mazrui walikamatwa kwa hila, wakatiwa chomboni na kupelekwa uhamishoni katika Ghuba ya Uajemi. Rashid hakurudi tena. Waliobaki waligawanyika: wengine wakaenda kaskazini, wakakaa Takaungu, na wengine wakaja kusini, wakakaa Gazi. Mbaruk alikuwa bado mtoto. Alilelewa katika nyumba iliyokuwa ikikumbuka kila siku kwamba imenyang'anywa mji wake.

Alipokuwa mtu mzima akawa mkuu wa Gazi. Alikuwa hodari wa vita, na watu walimpenda kwa ukarimu wake. Seyyid Barghash alipotawala Unguja, Mbaruk alimwasi zaidi ya mara moja. Kila alipozidiwa pwani alikimbilia ngome yake ya Mwele, ndani milimani, na mambo yalipotulia alishuka tena. Mwaka 1882 watu wake waliushambulia mji wa Vanga, jirani zetu. Jemadari Mathews akatumwa na Seyyid, akaizingira Mwele hata akaitwaa, lakini Mbaruk mwenyewe hakupatikana. Baadaye walipatana.

Ni nani waliomfuata? Walikuwamo ndugu zake, Waarabu na Waswahili, na pia Wadigo na Waduruma waliofungamana naye. Walikuwamo vilevile watumwa wengi. Jambo hili hatuwezi kulipita kimya. Mashamba ya Mazrui yalilimwa kwa mikono ya watumwa, na wengi wao walitoroka, wakakimbilia vijiji vya watoro na misheni ya Kanisa letu kule Rabai. Siku ya kwanza ya mwaka 1889, watoro kama 1,400 waliokuwa katika misheni za huko walipewa hati za uhuru, baada ya Kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana wao fidia. Basi tukisema kwamba Mbaruk aliongoza watu, tukumbuke kwamba wapo waliomfuata kwa hiari, na wapo ambao hawakuulizwa.

Kampuni hiyo iliyotawala pwani ya Kenya tangu mwaka 1888 ilimpatia Mbaruk mshahara, naye akakaa nayo kwa amani. Lakini mwezi wa Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa Mazrui wa Takaungu. Wazungu walimtaka mwanawe Rashid amrithi, kwa kuwa alikuwa rafiki yao. Wengi katika ukoo waliona haki ni ya kijana mwingine, naye jina lake pia ni Mbaruk bin Rashid. Kukawa na mapigano. Yule kijana na ndugu yake Aziz wakakimbilia Gazi kwa mzee wao.

Hapo mzee Mbaruk alibanwa pande mbili. Kuwatoa ndugu waliokimbilia kwake ilikuwa aibu kubwa kwa mila za kwao. Kuwaficha ilikuwa kupigana na Waingereza, ambao tarehe 1 Julai 1895 waliitwaa nchi kutoka mikononi mwa Kampuni. Alisitasita. Alijua nguvu za manowari kuliko vijana walivyozijua. Mwishowe akachagua ndugu. Mwezi wa Agosti askari wa majini wa Admirali Rawson walipanda hadi Mwele wakaiteka, na Mbaruk akaponyoka kama zamani.

Safari hii mambo hayakutulia. Vita vilienea toka Malindi hadi mpakani. Wagiriama, Waduruma na Wadigo waliingizwa ndani yake, wengine kwa urafiki wa kale, wengine kwa kuwa vita viliwakuta mlangoni mwao. Vijiji vilichomwa. Kisa kilianza na ugomvi wa urithi katika nyumba moja, lakini waliolipa gharama walikuwa wakulima ambao urithi ule usingewapa hata kishina kimoja cha mnazi. Mapema mwaka 1896 Waingereza walileta askari wengi kutoka India, na njia za Mbaruk zikaanza kuzibwa moja moja.

Mwezi wa Aprili alivuka mpaka na kuingia upande wa Wadachi, akiwa na watu zaidi ya elfu. Aliyekuja Moa kumpokea alikuwa Gavana von Wissmann mwenyewe. Wasomaji wa Tanga wanalijua jina hilo. Ndiye aliyemnyonga Bushiri bin Salim pale Pangani mwezi wa Desemba 1889, na katika ugavana wake Hassan bin Omari alinyongwa Kilwa mwaka 1895. Mbele ya mtu huyo Mbaruk na watu wake waliweka bunduki zao chini. Hakunyongwa. Alipelekwa Dar es Salaam, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1910. Mashamba yake ya Gazi yalichukuliwa na serikali. Mombasa ya baba yake hakuipata kamwe.

Wako watu wanaosema kwamba kufa vitani kungekuwa heshima kubwa zaidi. Sisi hatuoni hivyo. Mtu aliyezoea milima kama yeye angeweza kujificha yeye na wachache, akawaacha wale elfu waangamie. Hakuwaacha. Alikwenda nao mpaka mwisho, akabeba yeye aibu ya kusalimu amri ili wao wabaki hai. Katika maisha yake yote hakuna siku ambayo jambo la kiongozi na jambo la wafuasi wake lilikuwa moja kama siku ile ya Moa. Kabla ya hapo watu walibeba madai ya nyumba yake. Siku ile yeye aliwabeba watu.

Tunakumbuka habari ya Mfalme Daudi, alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapenya kambi ya adui kumletea. Hakuyanywa. Aliyamimina chini, kwa kuwa aliona ndani yake damu ya wale waliojihatarisha. Kiongozi asiyeiona damu hiyo huendelea kunywa.

Nasi katika mitaa yetu tunaongozana katika mengi: kujenga kanisa, kuchimba kisima, kuendesha shule ya chekechea au chama cha wavuvi. Mara nyingi jambo huanza kwa tamaa njema ya mtu mmoja, kisha likaitwa la wote kabla wote hawajaulizwa. Michango ikikawia, huanza lawama kwamba watu ni wavivu. Yafaa kwanza tuulize kama jambo lile limekuwa lao. Aliyeulizwa mapema hubeba tofali bila kusukumwa. Na likionekana kuwa limewalemea watu, si aibu kwa mzee wa kanisa kusimama mbele ya mkutano na kusema tulitue mzigo. Sheikh Mbaruk alilitambua hilo uzeeni, baada ya vijiji vingi kuungua. Sisi tunaokaa pwani hii aliyotulia mzigo wake tunaweza kulitambua mapema zaidi.