Winkfield: Bingwa wa farasi aliyeng'ara ugenini

JIMMY Winkfield, mpanda farasi aliyefariki dunia Machi 23, mwaka 1974 nchini Ufaransa akiwa na umri wa miaka 91, ndiye Mmarekani mweusi wa mwisho kushinda mbio maarufu za Kentucky Derby.

Alizaliwa mwaka 1882 huko Chilesburg, jimboni Kentucky, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto 17.

Enzi hizo kazi ya kupanda farasi wa mashindano ilishikwa zaidi na watu weusi. Katika Derby ya kwanza, mwaka 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa weusi.

Winkfield alitwaa ubingwa huo mwaka 1901 akiwa na farasi His Eminence, na mwaka uliofuata akiwa na Alan-a-Dale. Mwaka 1903 alishika nafasi ya pili.

Hata hivyo, ushindi haukumwepusha na ubaguzi. Wapanda farasi wazungu walishirikiana kuwabana weusi uwanjani, na wenye farasi nao wakaanza kuwanyima kazi. Alipovunja makubaliano na tajiri mmoja mwenye farasi, mambo yalizidi kumwendea kombo.

Mwaka 1904 aliondoka kwenda Urusi. Huko rangi yake haikuwa kikwazo. Alishinda mbio kubwa za Moscow, St Petersburg na Warsaw, jiji lililokuwa chini ya himaya hiyo, akapata fedha nyingi na umaarufu.

Mapinduzi ya mwaka 1917 yakavuruga yote. Akahamia Odessa, na mwaka 1919 jeshi la Wabolsheviki lilipoukaribia mji huo, yeye na wenzake waliwaswaga farasi zaidi ya 200 hadi Warsaw. Inaelezwa kuwa njaa iliwalazimu kula baadhi yao njiani.

Baadaye alihamia Ufaransa, akaendelea kushindana hadi mwaka 1930, kisha akawa mkufunzi wa farasi huko Maisons-Laffitte, jirani na Paris. Wajerumani walipoivamia nchi hiyo mwaka 1940 alipoteza mazizi yake, na mwaka 1941 akarejea Marekani kuanza upya kwa vibarua na kutunza farasi wa watu wengine. Mwaka 1953 alirudi Ufaransa.

Mwaka 1961 alialikwa kwenye hafla ya heshima mjini Louisville, katika jimbo alikozaliwa. Mgeni huyo mwalikwa, aliyekuwa ameifuatana na binti yake, alizuiwa kwenye mlango mkuu wa hoteli kwa sababu ya rangi yake, na aliruhusiwa kuingia baada ya kusubiri na kujieleza.

Ni mwaka 2004, miaka 30 baada ya kifo chake, ndipo Marekani ilipoliingiza jina lake katika jumba la mashujaa wa mbio za farasi.